Makofi na Ufukwe Mwekundu: Mwisho wa Evangelion ni Mmoja

Jumatano jioni, tarehe 27 Machi 1996, TV Tokyo ilirusha sehemu ya 26 ya katuni ya Neon Genesis Evangelion, sehemu ya mwisho. Kwa miezi sita watazamaji wa Japani walikuwa wamemfuata Shinji Ikari, kijana wa miaka 14 aliyeitwa na baba asiyemjali aje kuendesha dude kubwa la vita liitwalo Evangelion na kupigana na viumbe waitwao Malaika. Walikuwa wakisubiri pambano la kufunga hesabu. Badala yake walimwona Shinji ameketi kwenye kiti katikati ya giza, akisailiwa kuhusu nafsi yake na sauti za watu anaowafahamu na kwa maandishi yaliyojaa skrini nzima. Michoro mingine ilikuwa ya penseli tupu, haijapakwa rangi. Kisha giza likapasuka, watu wote wa maisha yake wakamzunguka, wakapiga makofi, wakampongeza mmoja baada ya mwingine. Akatabasamu, akawashukuru. Ikaishia hapo.

Nani alishinda? Baba yake aliishia wapi? Dunia ipo au haipo tena? Mashabiki walibaki na maswali hayo kwa karibu miezi 16, hadi tarehe 19 Julai 1997, studio ya Gainax ilipotoa filamu ya The End of Evangelion. Filamu hiyo ilikuwa na vita, damu na maangamizi ya kila namna, lakini nayo haikumaliza neno. Ilifungwa kwa vijana wawili waliolala kwenye ufukwe wa bahari nyekundu, mmoja akimkaba mwenzake koo, kisha akilia. Tangu hapo mabishano hayajapoa. Wapo wanaosema mwisho halali ni ule wa televisheni, wenye matumaini. Wapo wanaosema halali ni filamu, na kwamba ule wa kwanza ulikuwa wa kuziba pengo tu. Na wapo waliochoka, wanaosema kila mtu achague autakao.

Mimi nasimama mahali pengine. Sehemu za 25 na 26 pamoja na filamu ya 1997 ni mwisho mmoja. Tukio ni lile lile, limeonyeshwa mara ya kwanza kutoka ndani ya moyo wa kijana na mara ya pili kutoka nje, huku ulimwengu ukiyeyuka. Makofi ni ya uamuzi alioufanya. Ufukwe ni gharama ya uamuzi huo. Anayemlazimisha mtazamaji kuchagua kimoja anamnyima nusu ya hadithi, tena nusu ile inayoipa maana nusu nyingine.

Nasema hivi kwa sababu ya vitu vinavyoonekana kwenye skrini. Turudi kwenye sehemu ya 25, ile ambayo wengi huipitia haraka wakidhani ni maneno matupu. Katikati ya mahojiano ya nafsi zinapita picha chache zisizosogea, na hakuna anayezielezea. Moja inamwonyesha Misato Katsuragi, mlezi wa Shinji, ameanguka na damu imemtoka. Nyingine inamwonyesha mwanasayansi Ritsuko Akagi akielea ndani ya maji mekundu. Asuka, rubani mwenzake Shinji, naye anaonekana ndani ya Evangelion yake ya namba 02, chini ya maji. Machi 1996 hakuna mtazamaji aliyejua picha hizo zimetoka wapi. Sehemu ya 24 ilikuwa imewaacha watu hawa wakiwa hai.

Julai 1997 filamu ikatoa jibu. Misato anapigwa risasi akimkinga Shinji dhidi ya askari waliovamia makao ya NERV, shirika lenye mashine hizo, anamsukuma ndani ya lifti, anakata roho mlangoni. Ritsuko anapigwa risasi na Gendo, babake Shinji, anaanguka kwenye dimbwi lile lile jekundu. Asuka anawekwa ndani ya mashine yake na kufichwa chini ya ziwa ili wavamizi wasimpate. Picha tatu, majibu matatu, na hakuna hata moja iliyopindishwa. Mtu hawezi kuchora maiti mbili na mficho mmoja kwa bahati, kisha mwaka na zaidi baadaye akatunga filamu ambamo vyote vitatu vinaingia mahali pake.

Sehemu ya 26 nayo inajieleza yenyewe pale mwanzoni, kama mtu angeacha kuruka maandishi. Skrini inasema kwamba mwaka ni 2016, kwamba kazi ya kuunganisha nyoyo za wanadamu inaendelea, lakini muda hautoshi kuisimulia yote, kwa hiyo tutasimuliwa ya moyo wa kijana mmoja tu, Shinji Ikari. Watengenezaji wametuambia waziwazi kwamba kuna jambo kubwa linatendeka huko nje na kwamba wao wamechagua chumba kimoja cha nyumba hiyo. Na angalia nani anapiga makofi. Kaji yumo, mtu aliyeuawa katika sehemu ya 21. Yui, mama wa Shinji aliyetoweka mwanawe akiwa mdogo, yumo pia, amesimama kando ya Gendo. Hata Pen Pen, yule pengwini wa Misato, yupo kwenye duara. Marehemu na walio hai wako pamoja, katika mahali pasipo mahali. Hii ndiyo hali ambayo filamu inaonyesha sura yake ya nje: miili ya wanadamu wote ikiyeyuka kuwa kioevu kimoja na roho zao zikichanganyika.

Hoja inayotajwa zaidi dhidi ya usomaji huu ni ile ya fedha. Utaisikia kila Evangelion inapotajwa: bajeti ilikauka, wakachora vikaragosi, wakatuuzia falsafa. Ni kweli kwamba ratiba ya uzalishaji ilikuwa imewaelemea vibaya, na mswada wa awali wa sehemu ya 25 uliwekwa kando, ukaja kutumika kama nusu ya kwanza ya filamu, ile iitwayo Air. Lakini dhiki ya muda inaeleza kwa nini picha ni chache. Haielezi kwa nini picha zilizobaki ni hizo na si nyingine. Isitoshe, Evangelion ilikuwa ikitumia utulivu wa picha kama silaha tangu zamani. Katika sehemu ya 24, mashine ya Shinji inamshika Kaworu mkononi, na picha inaganda kwa takriban dakika nzima huku Simfoni ya Tisa ya Beethoven ikipigwa, hadi Shinji anapoamua kumuua rafiki yake. Sijawahi kumsikia shabiki akiita dakika ile ukata. Wote wanasema ni miongoni mwa nyakati nzito kuliko zote katika katuni za Japani, na wanasema kweli. Basi tusiwe na mizani miwili.

Mpangilio wa kutazama nao una mchango wake. Mjapani wa 1996 alikaa na yale makofi karibu mwaka mzima bila kingine. Machi 1997 alikwenda sinema kutazama Death & Rebirth akitarajia hitimisho, akakuta filamu haijakamilika, imekatishwa katikati ya vita. Alipofika Julai alikuwa na kiu na hasira za kutosha kuiona filamu kama marekebisho ya kosa. Sisi wengine, hasa tulioipata Netflix ilipoanza kuirusha duniani kote tarehe 21 Juni 2019, tunamaliza sehemu ya 26 na usiku huo huo tunabonyeza filamu. Tunaziona zimeshikana. (Netflix walituondolea wimbo wa Fly Me to the Moon kwenye kufungia kila sehemu, jambo ambalo bado linaniuma, maana ule wimbo ulikuwa unampa mtazamaji pumzi.) Nadhani ndiyo maana wanaokuja kwenye Evangelion leo wanaona umoja ambao wakongwe waliukataa kwa miaka. Wakongwe waliumizwa na kusubiri, na maumivu yakageuka nadharia.

Nadharia iliyozaliwa na maumivu hayo, na ambayo naipinga kwa nguvu zaidi, ni ya kisasi. Inasema hivi: mashabiki walimtukana mwongozaji Hideaki Anno kwa sababu ya sehemu za 25 na 26, naye akawatengenezea filamu ya kuwaadhibu. Ushahidi wao ni kipande kilichopigwa kwa kamera ya kawaida katikati ya filamu, ambapo tunaona ukumbi wa sinema umejaa watu wanaotutazama, na kwa haraka sana zinapita barua na jumbe za mashabiki, zikiwemo za matusi na vitisho. Kwa juujuu inaonekana kama kofi.

Lakini barua za sifa zimo humo humo. Na kipande hicho hakikutupwa hovyo; kimewekwa wakati Shinji na Rei, msichana rubani mwenzake, wanazungumza juu ya ndoto. Shinji anauliza uhalisi wake uko wapi, Rei anamjibu kwamba uko pale ndoto inapoishia. Ukumbi wa sinema ndio mahali ndoto inapoishia, taa zinapowaka na watu wakasimama kwenda nyumbani. Anno anamwambia mtazamaji kile kile alichomwambia Shinji kwenye kiti cha sehemu ya 26: toka, rudi kwa watu. Kabla ya mfululizo kuanza, mwaka 1995, aliandika kwamba yeye mwenyewe alikuwa amevunjika na alikaa miaka minne bila kuweza kufanya lolote. Mtu wa namna hiyo anapokuonyesha kiti chako cha sinema, mimi simsikii akikutukana. Namsikia akizungumza na mwenzake.

Tufike sasa kwenye kiini, yaani uamuzi wenyewe.

Tangu sehemu ya tatu Evangelion iliweka tatizo lake mezani. Ritsuko anamsimulia Misato kisa cha nungunungu: wanataka kukaribiana wapate joto, lakini kila wakikaribiana wanachomana miiba. Sehemu ya nne ikabeba kisa hicho hata kwenye jina lake. Katika sehemu ya 24 Kaworu anaeleza kwamba ule uga wa AT, kinga ya Malaika na ya mashine, ni ukuta wa moyo ambao kila mtu anao. Kwa hiyo mpango wa Gendo na wa wazee wa SEELE, kundi la siri lililo nyuma ya NERV, kuwayeyusha wanadamu wote wawe kitu kimoja, ni njia ya kuwang'oa nungunungu miiba. Hakuna kuta, hakuna maumivu. Hakuna upweke, kwa kuwa hakuna mwingine.

Katika filamu Shinji anapewa hali hiyo kamili. Yuko ndani ya bahari ya roho zote, Rei na Kaworu wako naye, na anaambiwa wazi kwamba akitaka watu wengine wawepo tena, kuta zitarudi na hofu ya wengine itarudi. Anajibu kwamba anajua, lakini anataka kukutana nao tena, kwa sababu anaamini kile alichohisi zamani kilikuwa cha kweli. Katika sehemu ya 26, kijana huyo huyo anakiri kwamba anajichukia lakini huenda angejifunza kujipenda, na kwamba anataka kubaki hapa duniani. Giza linapasuka pale pale. Uamuzi ni ule ule. Tofauti ni kwamba televisheni ilituacha kwenye dakika ya kuamua, dakika ambayo mtu hujisikia mwepesi na dunia nzima humpongeza, na filamu ikatupeleka hadi asubuhi yake.

Asubuhi hiyo ni mbaya. Bahari ni nyekundu. Nusu ya uso wa Rei, mkubwa kama mlima, umelala upeoni. Mashine nyeupe zimeganda kwa mbali, zimetanua mikono kama waliosulubiwa. Kwenye mti uliochomekwa mchangani umepigiliwa mkufu wa Misato wenye msalaba. Watu wengi huupita mkufu huo bila kuusimamia. Aliyeupigilia ni Shinji, na maana yake ni kwamba amekaa ufukweni hapo muda fulani kabla ya tukio la mwisho, akingoja, na amefikia uamuzi kwamba mwenye mkufu harudi. Msalaba huo Misato alivalishwa na baba yake mwaka 2000 kule Antaktika, alipomwokoa kwenye maangamizi na yeye akafa. Misato akampa Shinji dakika za mwisho kwenye lifti. Umepita mikono mitatu, na kila mara aliyeutoa amekufa ili aliyepokea aishi.

Hapa naomba niseme neno kwa wenzangu wanaosoma misalaba ya Evangelion kama msimbo wa siri. Kuna mti wa Kabala kwenye utangulizi wa kila sehemu, kuna mkuki wa Longinus, kuna Adamu na Lilith, na watu wamejaza kurasa na kurasa wakifungua kufuli ambazo hazina mlango. Kazuya Tsurumaki, msaidizi wa mwongozaji, alishaeleza mbele ya mashabiki kwamba walitumia alama za Kikristo ili katuni yao itofautiane na za maroboti zilizojaa Japani, kwa kuwa Ukristo huko ni dini ya wachache na ungeonekana wa ajabu, na kwamba hakuna Mkristo kati ya waliotengeneza. Wengi walikasirishwa na kauli hiyo. Mimi naona imetupunguzia mzigo. Mkufu wa Misato hauhitaji teolojia. Uzito wake umejengwa ndani ya hadithi, mkono kwa mkono, mbele ya macho yetu. Alama yenye historia ndani ya kazi ni ushahidi. Alama iliyobandikwa kwa urembo wake ni pambo, hata ikitisha namna gani.

Kando ya Shinji amelala Asuka, jicho moja na mkono vimefungwa bandeji. Shinji anamparamia na kumkaba. Kuelewa kitendo hiki lazima ukumbuke tukio la jikoni, dakika chache tu kabla, wakati roho zinachanganyika. Pale Shinji anamwomba Asuka amsaidie, anamsihi asimwache peke yake. Asuka anakataa. Shinji anamkaba, na kwa kumkaba anaitakia dunia nzima ife. Jikoni pale alikuwa ndani ya kichwa chake. Kila jibu lilikuwa jibu alilokwisha kuliogopa.

Ufukweni anarudia kitendo kile kile, kana kwamba anauliza: bado niko ndani ya kichwa changu? Na Asuka anainua mkono wenye bandeji, anampapasa shavu.

Hili Shinji hakulitarajia. Hakuna Asuka wa kichwani mwake ambaye angefanya hivyo. Kwa miaka nimesoma maelezo ya mkono huo: kwamba ni huruma, kwamba ni upendo, kwamba ni ishara ya mama yake Shinji. Huenda yote yamo. Lakini kabla ya kuwa huruma, mkono huo unathibitisha kwamba yuko mtu mwingine mbele yake. Mtu mwingine ni yule anayeweza kutenda usichokitarajia. Kuta zimerudi, na nyuma ya ukuta mmoja wapo kuna mtu. Ndiyo maana Shinji analegeza mikono, anaanza kulia. Wanaosema analia kwa sababu ameshindwa kuua wanasahau kwamba alichokuwa amekihofu kuliko kifo ni kuwa peke yake.

Halafu Asuka anatamka yale maneno ya kuchukizwa, na filamu inakatika. Yuko Miyamura, mwigizaji wa sauti yake, amewahi kusimulia kwamba mstari ulioandikwa awali ulikuwa mwingine na haukuwa ukimridhisha Anno. Akamuuliza Miyamura angesema nini kama angeamka usiku akamkuta mwanamume asiyemjua ameingia chumbani akimtazama kwa tamaa. Alichojibu ndicho kikawa mstari wa mwisho wa filamu. Ukikumbuka kwamba filamu inaanza hospitalini, kwenye kitanda cha Asuka aliyezimia, ambapo Shinji anamfanyia jambo la aibu kubwa, utaona mduara umefungwa. Asuka anajua. Mkono umempapasa, mdomo umemlaani, na vyote viwili ni vyake. Hivyo ndivyo watu walivyo, na huyo ndiye mtu ambaye Shinji aliomba arudishiwe.

Kwa usomaji huu makofi hayawi uongo wala ufukwe hauwi adhabu. Ukichukua makofi peke yake unapata mawaidha matamu: jipende, na dunia itakupongeza. Ukichukua ufukwe peke yake unapata kukata tamaa. Anno alituonyesha kijana aliyechagua kuishi na watu, kisha akatuonyesha watu wenyewe.

Je, hakuna utata wowote basi? Upo, tena wa kweli. Filamu inasema kwamba yeyote anayeweza kujiwazia kwa moyo wake mwenyewe anaweza kurudi kwenye umbo la mtu, na Yui anamwambia mwanawe kwamba popote panaweza kuwa peponi ukiwa na nia ya kuishi. Asuka amerudi. Watarudi wengine? Wangapi? Filamu imenyamaza kimya, na sijaona picha yoyote ndani yake inayoegemea upande wowote. Vivyo hivyo yule Rei anayeonekana kwa sekunde moja amesimama juu ya bahari kisha akatoweka, kama alivyoonekana na kutoweka barabarani katika sehemu ya kwanza, Shinji alipokuwa kwenye kibanda cha simu cha mji mtupu. Je, ni roho yake inaaga, au ni yeye aliyekuwa akitazama tangu siku ya kwanza kwa sababu yuko nje ya wakati? Hapo pako wazi, na hapo kila shabiki ana haki ya lake. Anno amekataa mara kadhaa kugawa majibu na amewataka watazamaji wafikiri wenyewe. Ruhusa hiyo ni ya mahali kazi iliponyamaza. Pale iliposema, tuna wajibu wa kuisikiliza.

Kuanzia 2007 Anno alirudi na filamu nne mpya, ya mwisho ikitoka tarehe 8 Machi 2021 na kuvuka mapato ya yen bilioni 10 Japani. Kwenye filamu hizi imezuka nadharia kwamba siyo masimulizi mapya hata kidogo, kwamba zinaendelea pale ufukwe ulipoachia. Naiheshimu nadharia hii kwa sababu walioijenga walitazama kwa makini. Bahari ni nyekundu tangu filamu ya kwanza. Kaworu anaamka mwezini kutoka kwenye jeneza lililo kwenye safu ya majeneza, akizungumza kama mtu aliyekwisha kukutana na Shinji. Jina la Kijapani la filamu ya mwisho limewekwa alama ya muziki inayomwambia mpigaji arudie. Na kuna redio ndogo ya kaseti ya Shinji: katika televisheni ilikuwa ikizunguka kati ya nyimbo za 25 na 26, idadi ile ile ya sehemu za mwisho, katika filamu ya 2009, Mari, msichana ambaye hakuwepo kabisa katika hadithi ya zamani, anamwangukia Shinji juu ya paa la shule, na redio inaruka hadi 27.

Hii ni kazi nzuri ya ushabiki. Imetoka kwenye fremu.

Ninapotengana na wengi wao ni kwenye stesheni. Filamu ya 2021 inaishia Ube-Shinkawa, katika mji wa Ube alikozaliwa Anno. Shinji ni mtu mzima, sauti yake si ya Megumi Ogata tena, ni ya Ryunosuke Kamiki. Mari anamvua kitanzi alichokuwa amevalishwa shingoni, wanashikana mikono na kukimbia nje, na michoro inageuka picha halisi za mji kutoka angani. Basi wanasema: sasa imekwisha, huu ndio mwisho halali, ule ufukwe umefutwa.

Haukufutwa. Kabla ya kufika stesheni, Shinji anarudi ufukweni. Bahari ni ile ile, na Asuka amelala pale, sasa akiwa mwanamke mzima, nguo yake ya urubani imemchanika mwilini. Kijana ambaye mwaka 1997 hakuwa na kitu cha kumpa isipokuwa mikono shingoni anakaa karibu naye na kumwambia kwamba alimpenda, anamshukuru, kisha anamuaga. Kama ule mwisho wa 1997 ungekuwa kosa la kufutwa, Anno asingemrudisha Shinji hapo baada ya miaka 24, kwenye mchanga ule ule, kumalizia mazungumzo yaliyokatika.